Sekunde Nne

Kwanza tukubaliane: hapa hakuna aliyekuwepo.
Hata wewe, Cirhakarhula, unayesimulia
kwamba uliketi safu ya tatu nyuma ya kocha.
Ulikuwa Kadutu, ubavuni mwangu,
umevaa kandambili za dada yako.

Uwanja wetu ulichongwa kwenye mteremko,
udongo mwekundu, pete moja imepinda,
na upande wa chini hapakuwa na ukuta.
Mpira ukiponyoka, umekwenda:
unapita nyuma ya jiko la Mama Nabintu,
unaruka mfereji, unakata soko la mihogo,
na mechi inasimama
hadi Lwaboshi apande nao, anahema,
wakati mwingine na ndizi ya kupewa mdomoni.

Lwaboshi hakuwa mchezaji. Hilo lisisahaulike.
Alikuwa mkimbiza mpira,
mwaka wa kwanza, ualimu wa hesabu,
mfupi, na mapaja aliyopewa na kilima.
Siku Ntaboba alipovunjika kifundo cha mguu
kocha aligeuka kutazama benchi,
akaona dumu la maji, na pembeni ya dumu, yeye.

Walituita Wauza Mihogo.
Kila mwaka tulikuwa wa mwisho, tukazoea,
kama mtu anavyozoea paa linalovuja:
unajua pa kuweka beseni.
Kisha tukawafunga Uvira kwa pointi moja.
Tukasema, bahati.
Tukawafunga Kindu, waliokuja na viatu vipya na daktari wao.
Hapo hatukusema kitu.
Tukawafunga wale wa Ibanda, wenye saruji na taa,
na usiku ule Padri Zihalirwa akacheza hadi kanzu ikachanika.
Kuhusu kanzu, hata mahasimu wanakubali.

Fainali ikawa Goma.
Nauli ya meli ilikuwa karo ya muhula.
Tulichanga: wengine noti, wengine maharage,
wakapanda wachezaji, kocha,
na Wabiwa, kwa kuwa alikuwa na simu na hakuwa na haya.

Simu yetu tuliitia ndani ya sufuria tupu la bugali
ili sauti ipate tumbo.
Vichwa arobaini juu ya sufuria moja,
mpita njia angedhani ni njaa.
Na Wabiwa, toka ng'ambo ya ziwa, anapiga kelele:
"Wanatuongoza kumi na moja! Sita! Hapana, refa ni mwizi, nane!"
Mvua ikaja. Hakuna aliyehama.
"Moja! Wanatuongoza moja tu! Zimebaki sekunde nne!
Lwaboshi anao, anakimbia, jamani,
anakimbia kama mpira unashukia sokoni,
ameruka, ameru"

Uniti zikaisha.

Duka la vocha lilikuwa limefungwa,
mwenye duka yuko nasi, kichwa sufuriani,
ufunguo ameuacha kwa mkewe Panzi.
Cirhakarhula akashangilia kwa kubahatisha.
Mimi nililia, pia kwa kubahatisha.
Hakuna aliyelala.

Alfajiri tukashuka bandarini.
Meli ikatoka kwenye ukungu, polepole mno,
na sitahani hapakuwa na mtu anayepunga mkono.
Tukajua tumeshindwa. Mtu akaanza kuondoka.
Ndipo tukamwona, peke yake, wenzake wote wamelala,
kombe amelifunika kichwani
kwa ajili ya manyunyu.

Siku hizi anafundisha kujumlisha Walungu.
Ukimuuliza uliingiaje, anasema alifumba macho.
Wabiwa anasema uligonga ubao mara mbili.
Ntaboba anasema ulikuwa mguu wake ulioruka.

Sufuria lipo. Mama Nabintu bado analipikia.
Jana, halijawekwa maji, niliinama nikatega sikio.
"Unasikiliza nini, mzee mzima?"
Nikamwambia: ngoja kwanza, mama.
Bado hajatua.